Kabla ya kuwekewa stenti ya ini, uliza kwanza ina utando au haina

Ini likishasinyaa hadi mgonjwa anatapika damu, au tumbo linajaa maji tena muda mfupi tu baada ya kutolewa, daktari anaweza kupendekeza TIPS, yaani kutengeneza njia mpya ya damu ndani ya ini. Hapo hupitishwa sindano ndefu kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, ikatoboa njia kati ya mshipa unaoleta damu kutoka matumboni na ule unaoirudisha moyoni. Stenti, kijibomba cha waya, ndiyo inayozuia njia hiyo isijifunge.

Ndugu wengi huanza na bei. Mimi ningeanza na stenti yenyewe. Zile za mwanzo, zilizowekwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988, zilikuwa waya mtupu. Nyongo ilivuja, nyama ikaota kupitia matundu ya waya, na karibu nusu yake zikawa zimebana au kuziba ndani ya mwaka mmoja. Zilizofunikwa kwa utando wa PTFE, aina ya plastiki, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2004, hudumu wazi muda mrefu zaidi. Upande unaopokea damu huachwa sentimita 2 bila utando ili damu iendelee kuingia kwenye matawi ya ini. Upande wa pili ufike pale mshipa wa ini unapoungana na mshipa mkuu. Ikiwa fupi, kipande cha mshipa wa ini kilichobaki nje ya utando ndicho hubana baadaye. Kwa hiyo uliza na urefu.

Upana nao si jambo la kupuuza. Njia pana mno hupeleka damu kichwani kabla ini halijaisafisha, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Madaktari wengi huanza na milimita 8, kisha hutanua hadi 10 ikihitajika. Aliyekuwa akivuja damu, lengo ni tofauti ya presha kati ya mishipa hiyo miwili kushuka chini ya mmHg 12. Aliyewahi kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini asilifiche hilo.

Kabla ya siku yenyewe kuna eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, maana damu nyingi itaurudia moyo kwa ghafla na moyo dhaifu hautaimudu. Kuna kipimo cha bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu), cha figo, na picha ya kuangalia kama mshipa una damu iliyoganda. Mtu wa kando ya Ziwa Victoria aliyewahi kuugua kichocho cha tumbo aseme: presha ya mshipa wa ini inayoletwa na kichocho mara nyingi hukuta ini bado lina nguvu. Anayesubiri kupandikizwa ini naye aseme, kwani stenti iliyozidi urefu humsumbua daktari wa upasuaji.

Anayesafiri kwenda India kwa kazi hii atafute kwanza, kabla ya tiketi, nani atampima Doppler, yaani ultrasound ya mtiririko wa damu, akirudi nyumbani. Kipimo cha msingi hakifanywi kesho yake: hewa iliyonaswa kwenye utando huficha mtiririko wa damu kwa siku kadhaa za mwanzo. Baada ya hapo, vituo vingi hupima kila miezi 6 hivi. Arudi na karatasi yenye aina ya stenti, upana, urefu, na presha kabla na baada. Bila namba hizo, mpimaji wa huku hana cha kulinganisha.

Nyumbani awepo mtu anayejua dalili: kulala mchana na kukesha usiku, mikono kupepea, tumbo kujaa tena, choo cheusi kama lami. Mbili za kwanza zinahitaji daktari na mara nyingi laktulozi, dawa ya kulainisha choo. Mbili za mwisho huenda zikawa njia imebana. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani mara nyingi njia hiyo hufunguliwa kwa puto kupitia shingo ileile.