Somo: Jinsi ya kumpigia mgeni mwindaji hesabu ya kusafirisha nyara (pembe, meno, fuvu na ngozi za mnyama aliyemwinda) mpaka kwao

Kamwene wakuu. Julai mosi vitalu vya uwindaji vinafunguliwa, na kama kawaida ninyi mlioko kambini ndio mtakaoulizwa swali ambalo ofisi haikuwapa jibu lake: "Huyu nyati wangu atanigharimu kiasi gani mpaka afike nyumbani?" Wengi tunakisia. Kisio likipishana na bili, mgeni halilaumu shirika la ndege, anailaumu kambi. Kwa hiyo leo naweka hesabu yote, iwe mnyama kapigwa Rungwa, Lukwati-Piti au huku kwetu Pawaga na Idodi. Anayetafuta namna ya kupitisha kitu kisicho na kibali, hapa hapana msaada wake. Kwa nyara za serikali watu wanafungwa miaka 20 na zaidi, na tunawajua.

Kitu kimoja kitangulie. Watu hupenda kulalamikia ada na vibali, lakini hizo zinajulikana mapema na hazibadiliki njiani. Bili inayovimba huwa imevimbia kwenye boksi. Ndege inauza nafasi kabla ya kuuza kilo, na ukubwa wa lile boksi unaamuliwa na mchunaji wako kule porini, wiki nyingi kabla fundi hajashika nyundo.

HATUA YA 1: Uliza kwao ni wapi, na uulize kabla hajalenga

Mnyama anaweza kuwa halali kabisa kwenye kibali cha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) lakini asiingie kwao. Ufaransa na Australia zilifunga mlango kwa nyara za simba mwaka 2015. Uholanzi mwaka 2016 ikafuata na orodha ndefu zaidi. Mmarekani anaweza kupeleka simba, lakini tangu Januari 2016 lazima apate kibali cha kwao, na hicho hakitoki kwa wiki moja. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka kibali cha kuingizia hata kwa kiboko.

Chui na tembo wa kwetu wako Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hapo mpangilio ni huu: kibali cha kuingizia cha nchi ya mgeni kinatangulia, ndipo Idara ya Wanyamapori itoe cha kutolea. Simba, kiboko na mamba wako Kiambatisho cha II. Nyati, tandala, palahala, korongo (swala, siyo ndege), pofu, kongoni, punda milia, swala pala na ngiri hawahitaji CITES, ila cheti cha kusafirisha nyara na cheti cha afya cha daktari wa mifugo viko palepale.

HATUA YA 2: Chumvi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hela inapookolewa.

Ngozi itoke mwilini mapema, siyo baada ya picha za saa tatu juani. Ondoa nyama na mafuta yote mpaka uone ngozi tupu. Masikio yageuzwe nje ndani mpaka kwenye ncha, midomo ipasuliwe, gegedu la pua lipunguzwe. Chui achunwe kila kidole mpaka kwenye kiungo cha mwisho. Sehemu hizi ndogo ndizo zinazooza kwanza, na zikioza manyoya yananyonyoka. Fundi wa nyara wa Ulaya, yule anayetengeneza vichwa vya ukutani, hana dawa ya manyoya yaliyonyonyoka. Mgeni atakuwa amelipa ada ya mnyama, vibali, boksi na ndege, halafu anafungua ngozi yenye kipara usoni.

Tumia chumvi laini. Ya mawe inaacha mapengo. Usiibanie, sugua kila mkunjo. Siku inayofuata kung'uta ile iliyolowa maji, paka mpya. Anika kivulini penye upepo, kamwe siyo juani na kamwe siyo juu ya bati.

Sasa sikilizeni wachunaji. Ngozi ikunjwe ikiwa bado inakubali kukunjika. Punda milia akikaukia ametandazwa, amekuwa mlango wa mbao, na boksi litajengwa kwa kipimo cha huo mlango.

Vichwa navyo ni vilevile. Muulize mgeni: anataka fuvu jeupe la kutundika, au kichwa kamili chenye ngozi na shingo? Akitaka kichwa kamili, fuvu zima halina kazi. Linatosha kofia la fuvu lenye pembe, kwa sababu uso utajengwa juu ya umbo la povu huko kwao. Pembe za tandala, palahala na pofu zinachomoka kwenye mfupa wa ndani baada ya kuloweshwa au kuchemshwa taratibu. Ya tandala unaizungusha kufuata msokoto wake. Nyati ni mbishi, mpe muda. Zikichomoka funza wanakosa pa kujificha, na pembe zinapangika ndani kwa ndani. Namba ya lebo iandikwe kwenye kila kipande, siyo kimoja tu.

HATUA YA 3: Karatasi

Nitapita haraka. Rejista ya kambi, kibali cha uwindaji na lebo za kila nyara visome namba moja. Kibali cha CITES cha kutolea kina maisha ya miezi 6, kwa hiyo usikiombe wakati ngozi bado mbichi. Pale bandarini au uwanjani, ofisa lazima athibitishe kwa mhuri idadi iliyotoka kweli. Mhuri huo ukisahaulika mzigo unaweza kutaifishwa ukifika, na hapo hata hesabu ya gharama haina maana tena. Meno ya tembo yanagongwa namba kwenye jino lenyewe. Ngozi ya chui inavaa lebo ya CITES isiyofunguka.

HATUA YA 4: Kuogesha na kufungasha

Nyara haziondoki nchini hivihivi. Zinaogeshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, mifupa inachemshwa na kung'arishwa, kisha daktari wa mifugo anakagua. Kampuni nyingi za kazi hii ziko Arusha na Dar. Kutoka Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 500, Mbeya inapita 800. Usikodi gari kwa ajili ya vichwa vitatu. Subiri gari la kambi linaloshuka, likiwa na hati zote mkononi mwa dereva, kwa sababu barabarani utasimamishwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukipewa bei "kwa mnyama", uliza maswali manne kabla ya kuipeleka kwa mgeni: cheti cha daktari kimo? Kufukiza kumo? Boksi limo? Kupeleka uwanjani kumo? Nimeona bei mbili zilizoonekana kupishana mbali, ukijumlisha vilivyofichwa zinakuwa ndugu.

HATUA YA 5: Pima boksi

Kanuni ya mizigo ya ndege: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Jibu ndilo kilo za ujazo. Linganisha na kilo za mizani. Inayozidi ndiyo inayolipiwa.

Chukua mgeni mwenye nyati mmoja, tandala mmoja, swala pala wawili na ngozi ya punda milia. Boksi la 120 × 80 × 70 ni kilo 112 za ujazo. Mizani inasema 64. Atalipia 112. Mzigo uleule, pembe zikiwa zimechomolewa na ngozi zimekunjwa vizuri, ukiingia kwenye 110 × 70 × 60 unakuwa kilo 77. Kwa mfano tu tuseme kilo ni dola 6. La kwanza ni dola 672, la pili 462. Dola 210 zilikuwa zinasafirisha hewa ya Ruaha. Bei halisi ya kilo iulize wiki hiyohiyo, inabadilika na njia.

Tena siyo kila ndege inabeba. Agosti 2015, baada ya simba Cecil kuuawa Zimbabwe, Delta, American na United zilitangaza kutobeba nyara za wanyama wakubwa. Wakala akisema "nitaipitisha popote", mwambie akutajie njia.

HATUA YA 6: Bili ya pili, ya kule

Nauli uliyomtajia inaishia uwanjani kwao. Baada ya hapo kuna wakala wa forodha, ada za ukaguzi, ghala linalotoza kwa siku, na usafiri mpaka kwa fundi. Marekani mzigo wa wanyamapori unapitia bandari maalumu zilizoteuliwa na unajaziwa fomu ya 3-177, ya kutangaza mzigo wa wanyamapori. Ngozi za nyati, swala au ngiri ambazo hazijalainishwa kiwandani zinapelekwa kwa fundi aliyeidhinishwa na serikali yao, kwa sababu ya hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya nguruwe. Halafu ndiyo kazi ya kutengeneza kichwa cha ukutani, ambayo peke yake mara nyingi inazidi nauli yote.

Kwa hiyo mwandikie mgeni mistari mitatu: gharama za Tanzania, nauli, gharama za kwake. Huo wa tatu uache wazi, umpe tu orodha ya vitu vya kumuuliza wakala wake.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mdau wa Chunya: Mkuu, mgeni wangu anasema pembe za swala pala ni ndogo, ataweka kwenye begi aondoke nazo. Nimkatalie?

Mkatalie kwa heshima. Udogo hauondoi cheti cha kusafirisha nyara wala cha daktari. Akikamatwa uwanjani jina la kampuni yenu ndilo lililoko kwenye kibali. Mwambie zikipakiwa kwenye boksi na wenzake haziongezi hata kilo moja ya ujazo, zinakaa katikati ya pembe za tandala.

Mdau wa Makambako: Kwa nini msitumie meli? Si rahisi zaidi?

Nauli yenyewe ndiyo, ni ndogo. Lakini mzigo mdogo wa kuchanganywa kwenye kontena kwa kawaida una kiwango cha chini cha mita 1 ya ujazo. Boksi dogo la mfano wetu halifiki hata nusu mita ya ujazo. Ongeza gharama za bandari za huku na za kule, na unyevu wa wiki kadhaa baharini. Meli inanoga wageni wanne wakichangia, au vichwa vikiwa vimeshatengenezwa tayari, maana hivyo ni vikubwa na ndege itamkamua.

Fundi wa Mafinga: Shikamoo mkuu. Mimi niko kwenye mbao za Sao Hill, paini imejaa. Naweza kuwauzia makreti?

Marahaba. Unaweza, ila mbao mbichi hazitoki nchini kama kifungashio. Lazima zipashwe joto mpaka nyuzi 56 ndani kabisa ya ubao kwa dakika 30, na zigongwe mhuri wa kimataifa kupitia mtambo unaotambuliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Boksi lisilo na mhuri linarudishwa au linachomwa, na gharama ni ya mteja. Njia fupi ni plaiwudi, haidaiwi mhuri huo kwa sababu imeshapikwa kiwandani, na huko kwenu inatengenezwa. Angalia tu usipigilie fito za paini pembeni, ukipigilia umerudi kulekule. Halafu jenga boksi baada ya mzigo kupangwa sakafuni. Mafundi wengi wana vipimo vyao vya siku zote, na mgeni analipia hiyo nafasi.

Dada wa Tukuyu: Mgeni wa mwaka jana kaandika tumemtapeli, eti alilipa kila kitu huku halafu kule kadaiwa tena. Nimjibuje?

Pole dada. Mtumie hati ya mzigo wa ndege na stakabadhi zako, umwoneshe ulichopokea kiliishia uwanja gani. Usibishane naye kuhusu bei za kwao, huzijui na hukuzipanga. Mwaka huu neno "kila kitu" lifute kwenye nukuu zako za bei. Andika "mpaka uwanja wa ndege wa" kisha taja jina.

Mdau wa Iringa: Bima je? Na manyoya yakinyonyoka nani analipa?

Bima ya safari inalipa boksi likipotea au kuvunjika. Ngozi iliyooza kambini haiihusu kampuni ya bima. Ndiyo maana piga picha ya kila ngozi, ndani na nje, siku inayotoka kambini, na anayeipokea asaini hali aliyoikuta. Bila hiyo, fundi wa nyara atasema ilikuja hivyo na mchunaji atasema iliharibikia kwa fundi.

Mdau wa Mbalizi: Ndaga fijo kwa somo. Kinachoniuma ni kwamba mnyama anapigwa huku kwetu, hela ya kuogesha inakwenda Arusha. Kwa nini tusifanye hapahapa?

Swali zuri, na mimi linaniuma. Inahitaji leseni ya biashara ya nyara, jengo linalokubalika kwa daktari wa mifugo, maji mengi na mahali salama pa kumwaga maji ya dawa. Hayo yote Mbeya au Iringa yanawezekana. Kinachokwamisha ni kwamba mzigo wenyewe ni wa msimu, na makampuni ya uwindaji yana mazoea yao na watu wa huko. Ningeanza na sehemu moja tu: kuchemsha mafuvu, kuchomoa pembe na kuzisafisha kwa mkataba na kampuni yenye leseni, mzigo ushuke ukiwa umeshapungua. Mwenye nia aniandikie pembeni, ila aje na idadi ya vichwa ambavyo vitalu vya jirani yake vinatoa kwa msimu mmoja, tuanzie hapo.