Jinsi ya Kumaliza Mashimo 18 Kabla Giza Halijaingia

Mchezaji wa gofu wa Nakuru anayepangiwa kuanza mashindano ya Jumamosi saa saba na dakika arobaini mchana hana muda wa kuchezea. Kwetu karibu na ikweta, jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likishazama giza huingia upesi. Kundi lake la watu wanne likitumia saa nne na nusu, litamaliza mwanga ukiwapo bado. Likitumia saa tano na nusu, kama wanavyotumia wale tunaowatazama kwenye televisheni, mashimo mawili ya mwisho yatachezwa kwa tochi ya simu. Mimi nimewahi kuyacheza hivyo, kedi wangu, yaani mbeba fimbo, akiwa amechuchumaa kando ya shimo la 18 akimulika mahali pa kupigia, na kosa lilikuwa letu sisi wanne, wala halikuwa la uwanja au la waliotutangulia.

Mwongozo huu ni wa mchezaji wa ridhaa wa Nakuru, Njoro, Kisumu, Kakamega au Kitale ambaye angependa kucheza kwa kasi inayofaa bila kukimbia na bila kuharibu alama zake. Hoja yake ni moja: muda haupotei fimbo inapogonga mpira, bali hupotea kabla ya hapo, pale mtu anapoanza kufikiri ilhali zamu yake imeshafika.

Tulikoitoa tabia hii

Mwaka 2018, kwenye shimo la mwisho la mashindano ya Farmers Insurance Open huko Torrey Pines, Marekani, J.B. Holmes alisimama kwenye mpira wake kwa zaidi ya dakika nne akiupima upepo, kisha akaamua kupiga pigo fupi la tahadhari. Agosti 2019, Bryson DeChambeau alitumia zaidi ya dakika mbili kuisoma pati (pigo la kuuviringisha mpira hadi shimoni) ya futi nane, naye akaikosa. Januari 2025, makundi ya mwisho katika mashindano ya Marekani yalikaribia saa tano na nusu, hata mtangazaji Dottie Pepper, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kulipwa, akalilalamikia jambo hilo hewani.

Tunayatazama hayo Jumapili usiku, na Jumamosi inayofuata unamwona mwenzako mwenye hendikapu (mapigo ya fidia apewayo mchezaji dhaifu) ya 22 akiizunguka pati ya futi sita pande zote nne, akichuchumaa, akiinyanyua fimbo mbele ya jicho moja, akiupanga mstari wa mpira mara tatu, kisha akipiga mpira unaokwama futi mbili kabla ya shimo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo. Ameyaiga, na ameiga umbo bila sababu yake.

Wachezaji wa kulipwa wana sababu, hata kama si zote zinazokubalika. Grini zao, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, zinateleza kiasi kwamba pati iliyosomwa vibaya huweza kupita shimo kwa futi sita. Pigo moja kwao ni tofauti ya maelfu ya dola. Mashimo ya pa 5, yanayotarajiwa kumalizwa kwa mapigo matano, wanayafikia kwa mapigo mawili, kwa hiyo hulazimika kusubiri grini iwe tupu. Tena hawatafuti mipira, kwa kuwa kila pigo lao linatazamwa na mamia ya watu pamoja na kamera. Sisi hatuna hata moja kati ya hayo, ila kutafuta mipira tunako kwa wingi.

Na hata wao wanabanwa. Mwaka 2013, Guan Tianlang wa Uchina, kijana wa miaka 14, aliongezewa pigo moja kwa uchelewaji kwenye mashindano ya Masters, na bado akafuzu kucheza siku mbili za mwisho. Binafsi naona ajabu kwamba mtoto ndiye aliyeadhibiwa, ilhali katika PGA Tour, ziara ya wanaume wa kulipwa Marekani, hapakuwa na adhabu ya pigo la namna hiyo kati ya mwaka 1995 na 2017. Mwaka 2018, Austria iliandaa mashindano ambamo kila mchezaji alihesabiwa sekunde 40 kwa saa iliyowekwa hadharani, sekunde 50 kwa anayetangulia kupiga, na Mikko Korhonen wa Finland akashinda bila dunia kuanguka. Tangu Machi 2025, wanawake wa LPGA, ziara yao ya kulipwa, wanaozidisha muda kwa sekunde 6 hadi 15 wanaongezewa pigo moja, na wanaofika 16 wanaongezewa mawili. Ukiwaiga wachezaji wa kulipwa, iga na hilo pia.

Kwanza jipime

Chukua hesabu rahisi. Watu wanne, kila mmoja akipiga mapigo 90, wanapiga jumla ya mapigo 360. Kila pigo likiongezewa sekunde 10 tu za kusitasita, zinakuwa sekunde 3,600, yaani saa nzima. Ndiyo maana anayechelewesha kundi kwa kawaida hajioni, kwa kuwa sekunde 10 hazina uzito mkononi mwa anayezitumia.

Sheria ya 5.6 ya Kanuni za Gofu zilizorekebishwa mwaka 2019 inapendekeza pigo lisizidi sekunde 40 tangu mchezaji anapoweza kulipiga bila kizuizi, na inasema kwamba kwa kawaida afanye haraka kuliko hapo. Mwombe kedi wako akupime kimyakimya kwa simu katika mashimo matatu usiyoyajua mapema, asikuambie kitu hadi mwisho. Nilipofanya hivyo niliamini kwamba natumia sekunde 25. Tulipofika kwenye kibanda cha kedi, alinionyesha simu yake bila kusema neno: 48, 53, 39, na pati moja ya futi tatu iliyokula sekunde 71. "Mkubwa," akaniambia hatimaye, "hiyo ya futi tatu ulikuwa unaomba dua?"

Kwenye tii

Kwenye tii, mahali pa pigo la kwanza la kila shimo, anayekuwa tayari ndiye apige. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, kanuni za sasa haziruhusu tu kuacha kungojana kwa heshima, bali zinahimiza anayeweza kupiga salama apige hata kama si zamu yake. Katika mechi ya mtu kwa mtu ni tofauti: mpinzani anaweza kulifuta pigo lililopigwa nje ya zamu na kukulazimisha urudie, kwa hiyo huko kubalianeni kwanza.

Mpira ukielekea rafuni, kwenye nyasi ndefu, au nje ya mipaka, piga mpira wa akiba papo hapo, na useme wazi kwamba ni wa akiba kabla ya kuupiga, la sivyo utahesabiwa kuwa ndio mpira unaochezwa. Hakuna kinachokula muda kama mtu anayetembea yadi 220, akatafuta, akakosa, kisha akarudi tii akiwapungia mkono wale wa nyuma kwa aibu. Weka mipira miwili mfukoni kila wakati. Kuufungua mfuko, kuitafuta zipu na kuchagua mpira "mzuri" ni sekunde 30 zisizo na maana.

Njiani na rafuni

Hapa ndipo Bonde la Ufa linapotofautiana na viwanja vya televisheni. Nyasi ya kikuyu wakati wa masika humeza mpira hata ulioangukia hatua mbili kutoka ukingoni, na unaweza kuukanyaga usiuone. Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika tatu, si tano kama zamani, na huanza kuhesabiwa wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta. Wazee wengi wa kilabu bado wana dakika tano kichwani mwao. Waambie kwa adabu.

Utafutaji mzuri huanza hewani. Mpira wa mwenzako ukiruka, usiutazame uso wake uliokunjamana, utazame mpira hadi utue, kisha uufunge na kitu kisichohama: mkaratusi wenye tawi lililovunjika, nguzo, kona ya banka (shimo la mchanga). Kedi aliyetangulia mbele ana thamani kuliko makedi wawili waliobaki tii, basi mruhusu aondoke mapema. Na wanne msiandamane kwenda kwenye mpira mmoja kama msafara wa harusi. Kila mmoja aende kwenye mpira wake, apime umbali, achague fimbo, na aliye tayari apige, kisha ndipo wasaidie kutafuta. Mkiona kundi la nyuma linasubiri, wapisheni kabla dakika hizo tatu hazijaisha. Kupisha si fedheha.

Kisumu kuna kanuni ya zamani inayonasibishwa na Nyanza Club, kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba mchezaji aruhusiwe kudondosha mwingine mahali salama bila adhabu. Wageni huicheka. Lakini Sheria ya 16.2 ya leo inasema vivyo hivyo kuhusu wanyama hatari, wakiwamo nyoka na nyuki, kwa hiyo ukikuta mzinga juu ya mpira wako hakuna haja ya kikao: tafuta mahali pa karibu pasipo na hatari, pasipo karibu zaidi na shimo, dondosha kwa kimo cha goti, endelea.

Grini, ambako saa hupotea

Tuseme mpira wako umesimama futi 15 upande wa kulia wa shimo, na mwenzako yuko futi 25 upande wa kushoto. Yeye ndiye wa kwanza. Wakati anaisoma pati yake, wewe tayari umeweka alama, umeuinua mpira, umeufuta, na umechuchumaa nyuma ya alama yako kuusoma mteremko, ilimradi usisimame kwenye mstari wake na usisogee anapopiga. Mpira wake ukisimama, wewe tayari unajua kwamba wako utakata kushoto kwa upana wa kikombe. Unaurudisha mpira, unafanya mfano mmoja wa pigo, unapiga. Sekunde 15 zinatosha. Tofauti kati yako na anayechelewa si kwamba wewe umesoma kidogo, bali ni kwamba wewe umesoma katika muda wa mwenzako, naye anasoma katika muda wa kila mtu.

Soma kutoka nyuma ya mpira. Ukitaka, tupa jicho moja kutoka upande wa chini wa mteremko unapopita. Kuizunguka pati mara ya tatu hakuongezi habari, kunaongeza shaka. Kedi wa kilabu yako ameiona grini hiyo mara elfu, na akikuambia "ndani ya kushoto", yaani lenga ukingo wa ndani wa kushoto wa shimo, amini. Bendera si lazima iondolewe tena, kwa hiyo kubalianeni mapema kama itabaki, ili asiwepo mtu anayetembea nayo huku na huku. Pati iliyobaki futi moja imalizie hapohapo badala ya kuweka alama na kusubiri zamu.

Mfuko wako usiuache mbele ya grini. Uweke, au mwambie kedi auweke, upande wa kuelekea tii inayofuata. Hesabu ya alama iandikwe kwenye tii hiyo, si katikati ya grini huku watu wanne wakikumbushana kwa vidole nani alipiga nini bankani.

Okota mpira

Mashindano yetu mengi ya wikendi ni ya Stableford, ambamo hukusanywa pointi kwa kila shimo, nayo yana rehema ambayo wengi hawaitumii. Kwenye shimo la pa 4 ambapo hendikapu yako inakupa pigo moja, mapigo saba hayakupi pointi yoyote. Kwa hiyo ukishapiga sita na mpira haujaingia, shimo hilo limekwisha kwako. Okota, usogee kando, mshikie mwenzako bendera. Nimemwona mtu akipiga pigo la tisa kutoka banka moja, kwa bidii ya kusikitisha, kutafuta sifuri ambayo tayari alikuwa nayo.

Mkibaki nyuma

Kipimo cha kundi lenu ni kundi lililo mbele, si lililo nyuma. Mkifika tii ya pa 4 mkakuta wa mbele wamekwisha kuondoka grini, mmechelewa, hata kama hakuna anayewasukuma. Mtu mmoja aseme, na aseme kwa wingi: "Jamani, tumeachwa, tuongeze hatua." Neno "wewe" huleta ugomvi, "sisi" huleta mwendo. Kama mchelewaji anajulikana na ni mtu mzima kuliko ninyi, kedi wake husikilizwa zaidi. Mnong'oneze kedi amkabidhi mzee fimbo mbili mara wanapofika kwenye mpira, badala ya kungoja aulizwe.

Kanuni nazo zina meno: kuchelewesha mchezo bila sababu ya msingi ni adhabu ya pigo moja, mara ya pili mawili, mara ya tatu kuondolewa mashindanoni. Sijaona nahodha wa kilabu akiitumia kwa rafiki zake, jambo ambalo linaeleza mengi.

Limebaki suala la katikati ya mchezo. Kwenye viwanja vya mashimo 9, ambavyo magharibi ni vingi na huchezwa mara mbili, makundi hugongana baada ya shimo la 9, baadhi wakianza mzunguko wa pili na wengine wakiwa kwenye kibanda cha vitafunio. Dakika 20 zinazopotea hapo hazirudishwi na hatua ndefu za baadaye, na Kisumu mvua ya alasiri haitawangojea. Mpigie mwenye kibanda mkiwa grini ya 8, agizeni sambusa na soda, lipeni kwa simu, na mle mkielekea tii ya 10.