Jinsi ya kukunja yubikwitini kwa kamba ya katani

Wadogo zangu wa baiolojia acheni kukariri yubikwitini, ile protini ndogo inayobandikwa kwenye protini nyingine, tuifume kwa mikono. Sie wa Tanga katani tunayo, chukua kamba nyembamba mita tatu hivi upige mafundo 76, kila fundo amino asidi moja. Kipande cha mafundo 23 hadi 34 zungushia kalamu kiwe heliksi (umbo la springi), kilichobaki kunja mistari mitano ilale ubavu kwa ubavu kama chane za mkeka, alafu huo mkeka uikumbatie ile heliksi kama kiganja kinavyoshika muwa. Mkia uache unaning'inia, usiufiche kabisa! Fundo la 76 ni glisini na ndo linajibandika kwenye lisini ya protini nyingine. La 48 lifunge uzi mweusi, yubikwitini ya pili ikijishika hapo na mnyororo ukirefuka, protini iliyobandikwa inapelekwa protiasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Paka rangi 8, 44 na 70, utaona yamekaa upande mmoja, hapo panakimbia maji na ndipo protini nyingi zinaposhikia.

Domeni ya UBL, yaani kipande cha protini kinachofanana na yubikwitini, mfano ile ya mwanzoni mwa protini iitwayo parkini, mkunjo ni uleule ila haijikati ikawa huru, inabaki sehemu ya protini yake, so mkia usiukate, endeleza kamba tu.