Kabla Hamjashusha Injini ya Land Rover ya Babu

Anza na kadi ya gari. Ya kwetu, Land Rover Series III ya petroli, ilikuwa bado ina jina la babu, na babu tulishamzika zamani. Gari la marehemu ni mali ya mirathi hata kama limekaa miaka mingi kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na siku likiunguruma tena ndipo utakapojua una ndugu wangapi. Tulimwita baba mkubwa na shangazi wawili nyumbani Kirumba, Mwanza, tukala sato, tukaandikishana: nani anatoa hela, nani atalitumia, na likija kuuzwa kila mtu anapata nini. Kadi ikiwa mkononi, linganisha namba ya injini iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye bloku, yaani chuma kikuu cha injini chenye silinda. Mkilazimika kubadili bloku nzima, namba nayo inabadilika, na hiyo ni safari ya TRA ambayo ni heri uijue mapema.

Halafu kubalianeni nani msemaji. Baba mdogo alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba, mimi mikono yangu imezoea kompyuta. Basi kwenye vyuma neno la mwisho likawa lake, kwenye pesa na daftari langu. Hata hivyo kuna jioni alitupa kitambaa chini akaingia ndani, kisa nimemuuliza mara ya tatu, "Una uhakika, baba?" Maswali yaulizwe kwenye chai. Mtu akiwa chini ya gari mwache afanye kazi.

Sasa, je, injini kweli imekufa? Wengi hushusha injini ambayo ilihitaji kufunguliwa hedi tu, kile kifuniko cha juu. Tazama moshi kwanza. Ukikanyaga mafuta na nyuma panatoka moshi wa bluu mfululizo, shuku silinda na ringi, zile pete zinazozunguka pistoni. Ukishuka mlima umeachia mafuta, kisha ukikanyaga tena linatoa wingu moja la bluu na kuacha, oili huenda inapita kwenye gaidi za valvu, vile vitundu ambamo valvu hupanda na kushuka. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwenye silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Silinda iliyo chini ya wenzake, mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au silinda yenyewe. Ikibaki palepale, tazama valvu. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imekatika katikati yao. Kwetu namba mbili na namba tatu zilipanda vizuri baada ya oili, na taa ya presha ya oili ilikuwa inawakawaka kila injini ikipata moto. Hapo hapakuwa na ubishi: injini ishuke.

Nikuambie kosa letu, maana ndilo lililonifanya niandike haya. Kila mtu tuliyemuuliza alisema, "Hizo gari zote ni twenti." Yaani pistoni zilizozidi saizi ya kiwandani kwa elfu 20 za inchi, kama nusu milimita. Tukaagiza seti nzima kutoka Dar, pistoni na ringi zake, mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi ya Nyegezi nikiwa na furaha ya bwana harusi. Wiki mbili baadaye tukafungua hedi. Baba mdogo akafuta kaboni juu ya pistoni namba moja kwa kitambaa chenye dizeli, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Pakatokea tarakimu tatu zilizogongwa kwenye chuma: 040. Injini ilishachongwa zamani, yaani silinda kupanuliwa, sijui enzi gani, mpaka foti, elfu 40 za inchi. Akanishika kidole akakiingiza kwenye silinda, ukucha ukapanda kuelekea juu na kukwama kwenye kingo, pale ringi zinapoishia na chuma hakijaliwa. "Umesikia hicho kingazi?" akaniuliza. Nilisikia. Silinda ya injini ile inatoka kiwandani ikiwa na upana wa milimita 90.47, yetu ilikuwa imeshavuka 91.49 na bado imelika. Kwa injini hizi foti ndiyo mwisho wa kawaida wa kuchonga, kwa hiyo dawa ikawa kuweka slivu, yaani mrija mpya wa chuma ndani ya silinda, na kurudi saizi ya kiwandani.

Kwa hiyo hela ya spea ikae mfukoni mpaka hedi itoke na vipimo viandikwe. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, kwa urefu wa gari na kwa upana wake, kwa sababu hailiki duara. Krankshafti, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, vivyo hivyo, kila mhimili wake mara mbili. Fundi wa karakana ya kuchonga akikutajia saizi kwa macho bila maikromita, mshukuru uondoke. Na kuna mtego mwingine wa Series III: injini za petroli za zamani zina metali kuu (beringi zinazoshikilia krankshafti) tatu, za kuanzia mwaka 1980 zina tano. Muuzaji wa spea anaweza asijue tofauti hiyo, au asijali. Toa oili sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uhesabu mwenyewe.

Mahali pa kazi mnahitaji sakafu ngumu na paa. Usipange kufungua mwezi Machi kama unafanyia chini ya turubai. Masika itakukuta bloku iko wazi. Huku kwetu ziwani silinda iliyochongwa leo ikilala bila oili, asubuhi ina rangi ya udongo. Ipakeni oili ikitoka tu karakana, mfunike kwa nailoni. Kuhusu kunyanyua, najua kila ua lina mwembe. Injini hii inapita kilo 150, na tawi la mwembe halikwambii linakatika lini. Kodini cheni bloku, ile winchi ya mnyororo, ya tani moja na mhimili wa chuma, na mtu yeyote, hasa watoto wanaopenda kuchungulia, asipite chini yake.

Tafuteni makopo mengi, kalamu isiyofutika na kipande cha boksi gumu. Kwenye boksi toboa matundu manane, andika namba, uchomeke pushirodi, vile vijiti vinavyosukuma valvu, kwa mpangilio zilivyotoka. Tapeti nazo zipangwe hivyohivyo, kwa sababu kila moja imeshazoeana na nundu yake ya kamshafti. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, na kofia yake havitenganishwi wala kubadilishana na vya jirani. Wekeni alama kabla ya kulegeza nati, namba moja ikiwa ya upande wa rejeta. Piga picha kwa simu, sawa, lakini simu yangu ilidumbukia kwenye karai la petroli siku ya tatu, na boksi ndilo lililotuokoa.

Spana za kawaida mtakuwa nazo. Azimeni tochi renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na fila geji (vibati vya kupimia nafasi), na muwe na kitabu cha ufundi cha injini hiyohiyo. Kukaza hedi kwa kukisia ni kununua gasketi ya pili.

Bloku ikienda kuchongwa Nyakato, ombeni pia ioshwe ndani. Gari letu lilinyweshwa maji ya ziwa miaka yote, na vilipotolewa vile vifuniko vya bati vya ubavuni vilimwagika vipande vya kutu vya kujaza bakuli. Hapo nikaelewa kwa nini silinda ya nne, iliyo mbali zaidi na pampu ya maji, ilikuwa ikichemka kila tukipanda kilima cha Bugando.

Zile pistoni za twenti bado ziko kabatini kwa baba mdogo, kwenye karatasi yake ya nta, hazijaguswa. Dukani walikataa kuzirudisha. Kama bloku yako umeshaipima na zinakufaa, njoo tuongee bei, lakini uje na karatasi ya vipimo.