Argparse: chaguo la pamoja likae wapi ukiwa na amri ndogo

Programu ya terminali ikishakuwa na kazi zaidi ya moja, igawe kwa amri ndogo kama git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) ilivyo na `git add` na `git commit`. Argparse, maktaba ya kusoma maneno ambayo mtumiaji anaandika baada ya jina la programu, inakuja na Python yenyewe tangu matoleo ya 2.7 na 3.2, kwa hiyo husakinishi kitu. Tuandike daftari la madeni ya duka, `deni.py`.

Hatua ya 1: kichanganuzi (parser) kikuu

```python
import argparse

def ongeza(a):
    print(a.faili, a.jina, a.kiasi)

def orodha(a):
    print(a.faili, a.yaliyolipwa)

p = argparse.ArgumentParser(prog="deni")
p.add_argument("-f", "--faili", default="madeni.csv")
amri = p.add_subparsers(dest="amri", required=True)
```

Usiiache `required=True`. Bila hiyo, mtu akiandika `python deni.py` tupu, argparse haitalalamika. Programu itaanguka mbele kwa `AttributeError` isiyomsaidia mtumiaji.

Hatua ya 2: amri ndogo

```python
o = amri.add_parser("ongeza", help="andika deni jipya")
o.add_argument("jina")
o.add_argument("kiasi", type=int)
o.set_defaults(kazi=ongeza)

r = amri.add_parser("orodha", help="onyesha madeni")
r.add_argument("--yaliyolipwa", action="store_true")
r.set_defaults(kazi=orodha)

a = p.parse_args()
a.kazi(a)
```

`set_defaults` inaifunga kila amri ndogo na function yake, hivyo inakuondolea mlolongo wa `if` na `elif`. Kwa chaguo la ndiyo au hapana tumia `store_true`, kamwe si `type=bool`: `bool("False")` inarudisha `True`, kwa sababu neno lolote lisilo tupu ni kweli kwa Python.

Hatua ya 3: jaribu `-f` pande zote mbili

```
python deni.py -f duka.csv ongeza Asha 5000
python deni.py ongeza Asha 5000 -f duka.csv
```

Ya kwanza inakubali. Ya pili inakataliwa: `unrecognized arguments: -f duka.csv`. Kila kinachofuata jina la amri ndogo hukabidhiwa kichanganuzi cha amri hiyo, nacho `-f` hakiijui.

Wengi hapo huinakili `-f` kwenye `ongeza`, pamoja na `default` yake. Kosa linatoweka, lakini sasa amri ya kwanza ndiyo inayoharibika, tena kimyakimya: thamani ya msingi ya amri ndogo inaifuta `duka.csv` uliyoitaja mwanzoni, na deni la Asha linaingia `madeni.csv`. Kwa daftari la fedha, hilo ni baya kuliko programu kugoma.

Hatua ya 4: `SUPPRESS`

Kabla ya `parse_args`, ongeza:

```python
for x in (o, r):
    x.add_argument("-f", "--faili", default=argparse.SUPPRESS)
```

Sasa amri ndogo haigusi `faili` mpaka mtumiaji aiandike upande wake. Rudia amri mbili za hatua ya 3: zote zichapishe `duka.csv`. Kisha iendeshe bila `-f` kabisa, uone `madeni.csv`.