Embe za msimu ukiwa Uingereza

Achana na embe za supamaketi, nyekundu nje ndani nyuzinyuzi tupu. Nenda maduka ya Wahindi na Wapakistani, Southall au Leicester, kuanzia Aprili hivi zinaingia Alphonso za India, zikianza kuisha ndo zinakuja za Pakistani, Sindhri kwanza kisha Chaunsa, na kwangu mimi Chaunsa ndo mwisho wa mambo. Nunua boksi zima, moja moja wanakupiga bei. Fungua palepale dukani unuse kwenye kikonyo, kama bado ngumu we beba tu, zifunge na gazeti siku kadhaa zitaiva, ila friji usizitie mpaka zilainike. Boksi lililolowa chini liache. Shokishoki nazo wakati mwingine zipo, ila bei yake, mmh!