Jinsi ya Kutumia Kitenzi cha Kiingereza "Twinkle"

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba "twinkle" maana yake ni kung'aa hajadanganywa, lakini hajapewa cha kutosha, kwa sababu jua nalo hung'aa, na neno hili halitumiki kwa jua. Kiswahili kinacholikaribia zaidi ni kumetameta: mwanga mdogo, wa mbali, unaofifia na kurudi upesi upesi bila kuzimika.

Anza na nyota. Mwanga wake hupindishwa huku na huku na hewa yenye joto lisilo sawa kabla ya kulifikia jicho, ndiyo maana huonekana kama unachezacheza, ilhali sayari kama Zuhura hutulia zaidi. Ukieleza unachokiona sasa, andika "The stars are twinkling". Ukieleza tabia ya nyota, andika "Stars twinkle". Kitenzi hiki ni sielekezi, kwa hiyo usikipe yambwa (kitu kinachotendewa) wala usikitie katika kauli ya kutendwa.

Kisha simama ufukweni usiku wa giza, utazame karabai za wavuvi wa dagaa zikionekana na kufichika nyuma ya mawimbi. Hapo "The lamps twinkle on the water" ni sentensi sahihi kabisa. Lakini ukipanda chomboni, karabai ileile ikakuumiza macho, neno hilo halifai tena.

Umbo lake pia husaidia kulikumbuka. Kiishio "-le" hapa huonyesha tendo linalorudiwarudiwa, kama sisi tunavyorudufu "meta" tukapata "metameta". Ndivyo "spark", yaani cheche, ilivyozaa "sparkle".

Matumizi yanayohitaji uangalifu mkubwa ni ya macho. "Her eyes twinkled" si sifa ya uzuri: ni macho ya bibi anayemuuliza mjukuu wake lini atamuoa, utani ukiwa tayari machoni kabla midomo haijatabasamu. Macho ya furaha iliyo wazi yape "sparkled", na yenye machozi yape "glistened" (herufi "t" haitamkwi), kwa kuwa kitenzi hicho hupenda vitu vyenye unyevu au mafuta.

Usemi "in the twinkling of an eye" usiufasiri kwa mwanga. Zamani "twinkle" ilikuwa pia na maana ya kupepesa macho, na Kiswahili kina usemi wake uliokomaa kwa maana hiyohiyo: kufumba na kufumbua.